Ladha ya pombe yageuka Karatu na Ngorongoro

MSAFIRI anayetoka Arusha kwenda Ngorongoro huiacha barabara ya Dodoma pale Makuyuni, akapita kando ya migomba ya Mto wa Mbu, akapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi mji wa Karatu, kisha akafika lango la Lodoare linaloingia katika Eneo la Hifadhi. Ni safari ya saa chache tu kwa gari. Hata hivyo, katika kipande hicho kifupi zinakutana pombe za namna tatu ambazo kwingineko nchini hutenganishwa na mikoa: pombe ya ndizi, pombe ya nafaka na pombe ya asali. Juu ya hizo tatu imekuja ya nne, bia ya chupa, ambayo leo ndiyo inayoonekana zaidi katika grosari za Karatu na katika hoteli zilizo ukingoni mwa kreta.

Husemwa kwa wepesi kwamba chupa imekiua kibuyu. Mambo hayakunyooka hivyo. Ladha ya wanywaji wa eneo hili imegeuka mara kadhaa, na kila ilipogeuka, kilichotangulia kubadilika hakikuwa ulimi bali swali la nani anapika, nani anaruhusiwa kunywa, na anayekunywa analipa kwa nini: kwa jembe, kwa mbuzi au kwa fedha taslimu. Sasa ladha inaelekea kugeuka tena, safari hii kwa msukumo wa watu wa mijini na wa ng'ambo wanaotafuta pombe zilizopikwa kwa mikono, chachu na nzito, za aina ambayo wanawake wa Karatu hawajawahi kuacha kuipika.

Wenyeji walio wengi wilayani Karatu ni Wairaqw, ambao wageni wengi huwaita Wambulu kwa jina la wilaya mama. Lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, na kitovu chao cha asili ni milima ya Mbulu, kusini mwa Karatu. Kwa lugha yao pombe huitwa buura. Ilipikwa kwa mtama na ulezi, na baadaye mahindi yakaingia na kushika nafasi kubwa, kwa kuwa ndiyo nafaka iliyojaa ghalani.

Kuipika kunataka siku nyingi na uangalifu ambao mnywaji haoni. Nafaka hulowekwa, hufunikwa mahali penye joto ili ichipue, kisha huanikwa juani na kusagwa. Unga huo ndio kimea. Unga mwingine, ambao haukuchipushwa, hupikwa uji mzito, na uji ukishapoa hutiwa kimea. Hapo ndipo kazi ya kweli inapofanyika bila ya mpishi kugusa chochote, kwani vimeng'enya vilivyoamka katika nafaka iliyochipua huvunja wanga wa uji na kuufanya sukari, na chachu huila sukari hiyo na kuacha kilevi. Ulezi una nguvu kubwa katika kazi hii kuliko mahindi, na ndiyo sababu wapishi wazoefu hata wakitumia mahindi kwa uji hupenda kimea cha ulezi.

Pamoja na chachu huingia bakteria wa maziwa mgando, jamii ile ile inayochachusha maziwa katika kibuyu. Hao ndio wanaoipa pombe ya nafaka uchachu wake. Uchachu huo si kasoro, bali ndio unaozuia vijidudu vingine vibaya visiote katika chombo. Pombe inayotoka ni nzito, ya rangi ya udongo au ya maziwa yaliyochafuka, yenye kilevi kidogo, kwa kawaida chini ya kile cha bia ya chupa. Hunywewa ingali inachemka kwa chachu. Leo ni tamu na changa, kesho imekomaa, keshokutwa imekuwa kali na chachu mno, na siku inayofuata huenda ikawa ya kumwagwa.

Umri huo mfupi ndio ulioitawala desturi nzima. Pombe isiyowekeka haiwezi kunywewa na mtu mmoja, hivyo lazima waitwe watu. Katika milima ya Mbulu, mwenye shamba aliyehitaji nguvu za majirani kulima, kuvuna au kujenga alipika pombe, na majirani wakaja na majembe yao. Ilikuwa ujira, lakini ujira ambao mtu hawezi kuuficha mfukoni. Wazee walipoketi kuizunguka, mmoja wao aliongoza slufay, maombi marefu ya baraka yanayosemwa kwa mpangilio wa kishairi huku waliohudhuria wakiitikia. Wanaisimu na wanaanthropolojia walioandika habari za Wairaqw wameikusanya slufay kama mojawapo ya fani kuu za fasihi simulizi ya watu hao, na pombe ndiyo mara nyingi iliyowakusanya wasikilizaji wake.

Katika karne ya 20 Wairaqw walitanuka kwenda kaskazini hadi nyanda za Karatu, ambako awali palikuwa malisho ya Wamaasai. Oldeani, walowezi wa Kizungu walikuwa wameshaanzisha mashamba ya kahawa. Nyanda hizo ziliipokea ngano, na ngano ikaleta trekta. Anayelimiwa na trekta hana haja ya kupika pombe ili aite majembe thelathini, ila anahitaji fedha za kukodi mashine na kununua mafuta. Ni vigumu kuonyesha kwa tarakimu jinsi badiliko hilo lilivyoigusa pombe, lakini mwelekeo wake uko wazi: kilichokuwa ujira kikawa bidhaa, na mama aliyepika kwa ajili ya shamba la mumewe akaanza kupika kwa ajili ya kuuza. Vilabu vya pombe vilivyoota mijini na katika minada ya mifugo vilizaliwa hapo.

Kwa hesabu ya familia, hilo lilikuwa jambo kubwa. Mahindi na ngano yakishauzwa, fedha zake aghalabu hupita mikononi mwa baba. Fedha za pombe zilikuwa za mpishi mwenyewe. Ada za shule, sare, mafuta ya taa na dawa katika kaya nyingi za vijijini Tanzania zimelipwa na pipa la pombe, jambo ambalo wahubiri na watunga sheria hawakulisema mara nyingi.

Ukishaupita mji wa Karatu na kuingia msitu wa nyanda za juu unaozunguka kreta, nafaka inakoma na asali inatawala. Katika Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959 ili wafugaji na wanyamapori waishi pamoja, kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992 na kupigwa marufuku kwa mara nyingine mwaka 2009. Kwa hiyo anayetaka kupika pombe ya nafaka humo lazima anunue nafaka kutoka nje, hasa Karatu. Asali haikuhitaji shamba, kwani ilikuwa msituni.

Wamaasai huiita pombe hiyo enaisho, neno lile lile la asali. Hakuna kimea wala uji. Asali yenyewe ni sukari tupu iliyo tayari kwa chachu, hivyo huchanganywa na maji katika kibuyu, ikatiwa mizizi ya mshubiri au vipande vilivyokaushwa vya tunda la mwegea, mti wenye matunda marefu yaning'iniayo kama soseji, ambao Wamaasai huuita oldarpoi. Mizizi na matunda hayo yaliyokwisha kutumika hubeba chachu kutoka kibuyu kimoja hadi kingine, kama vile mwokaji anavyoweka donge la hamira kwa ajili ya mkate wa kesho. Kibuyu huwekwa karibu na moto, kwa kuwa ukingo wa kreta umeinuka zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari na baridi ya usiku huilaza chachu.

Ladha ya enaisho iliyopikwa kwa asali ya kutosha ni kavu kuliko mtu anavyotarajia, kwa kuwa chachu imeshaila sehemu kubwa ya utamu. Kinachobaki ni harufu ya maua ya msituni, moshi kidogo na uchungu wa mzizi. Waliokunywa mvinyo wa asali wa Ethiopia, tej, au muratina ya Wakikuyu wa Kenya, ambayo pia huchachushwa kwa tunda la mwegea, huutambua udugu mara moja.

Lakini enaisho haikuwa ya kila mtu. Morani hawakunywa pombe. Kileo kilikuwa haki ya wazee, waliokwisha kupita rika la ushujaa, na kilikuwa na mahali pake katika kuposa, katika kuoza, katika kusuluhisha magomvi na katika sherehe za kupandisha rika. Mzee aliyepeleka posa bila asali hakuwa amepeleka posa. Mpishi naye hakuwa mwanamke kama huko Karatu, kwa maana pombe ya asali kwa kawaida ilikuwa kazi ya wanaume wazee.

Wadatoga, wafugaji wanaoishi kuelekea Ziwa Eyasi na ambao Wamaasai waliwapachika jina la Wamang'ati, maana yake maadui, nao ni watu wa pombe ya asali. Kwao hupikwa kwa wingi hasa katika bung'eda, maziko ya heshima ya mzee aliyestahili, ambapo kaburi huinuliwa kuwa kichuguu na ukoo hukusanyika kwa muda mrefu. Jirani zao Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa bonde hilo hilo la Eyasi, wanaijua asali kuliko wote. Humfuata ndege aitwaye kiongozi-asali hadi kwenye mzinga, lakini asali yao huliwa, haipikwi pombe. Ni jambo la kusikitisha kwamba watu wasiokuwa na desturi ya kupika kileo ndio walioumizwa zaidi na kileo cha kununua, pale fedha za watalii zilipoanza kufika Mangola na vijiji vya jirani. Watafiti walioishi na Wahadzabe wameliandika jambo hilo mara nyingi.

Badiliko kubwa la pombe ya asali halikuletwa na bia, bali na sukari ya dukani. Asali ilipata soko. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na sheria yake ya mwaka 2002 ziliisukuma asali iuzwe kama bidhaa ya mjini na ya kusafirishwa nje, na leo chupa ya asali safi katika duka la Arusha ina thamani ambayo mzee hawezi kuimimina katika kibuyu bila kufikiri mara mbili. Wapishi wakaanza kuchanganya sukari na asali, kisha sukari ikazidi, na mahali pengine asali ikabaki jina tu. Pombe ya sukari huchachuka haraka, ni kali, haina harufu, na haimngoji mzee amalize baraka zake. Mnywaji anayesema kwamba pombe ya siku hizi inaumiza kichwa pengine hakosei sana.

Historia ya chupa ilianza mbali na Karatu. Kampuni ya kwanza ya bia Tanganyika iliundwa Dar es Salaam mwaka 1933, ikaungana na wenzao wa Kenya mwaka 1936 na kuzaa jina la East African Breweries. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali iliichukua Tanzania Breweries, na katika miaka ya 1980 wanywaji wenye umri wa kutosha watakumbuka kwamba bia ilikuwa kitu cha kutafuta kwa kujuana. Mwaka 1993 kampuni hiyo ilibinafsishwa na makaburu wa bia, South African Breweries, wakaingia. Kenya Breweries nayo ikajenga kiwanda cha Kibo mjini Moshi. Yakafuata yale yaliyoitwa vita vya bia: Wakenya Moshi, Waafrika Kusini Thika. Vita hivyo viliisha mwaka 2002 kwa mapatano, Thika ikafungwa na Kibo ikafungwa, kila mmoja akarudi upande wake wa mpaka. Tangu mwaka 2016 mmiliki mkuu wa Tanzania Breweries ni AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani. Mshindani wake, Serengeti Breweries, alinunuliwa na kundi la East African Breweries mwaka 2010.

Majina ya bia zenyewe yanastahili kutazamwa. Safari, Kilimanjaro, Serengeti, Ndovu: chupa zilibatizwa kwa majina ya vivutio vile vile vinavyompitisha mtalii Karatu. Na Karatu yenyewe imo ndani ya chupa kwa njia nyingine, kwani nyanda zake, pamoja na zile za Monduli na Kilimanjaro Magharibi, zimekuwa mashamba ya shayiri ya kutengenezea bia. Mkulima anaweza kuiuza shayiri yake kwa kilo na kuinunua tena kwa chupa, ikiwa imechipushwa, imekaushwa na kusagwa kwa kanuni ile ile anayoitumia mkewe kwa ulezi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara ya Makuyuni hadi lango la Ngorongoro iliwekwa lami kwa msaada wa Serikali ya Japani. Kabla ya hapo kreti za bia zilipanda ukingo wa Manyara kwa vumbi na matope, na baadhi ya chupa zilifika zimepasuka. Baada ya lami, bia ikafika baridi. Watu wa mijini huenda wasione uzito wa neno hilo, lakini bia ya mtindo wa laga inategemea ubaridi kama chai inavyotegemea moto. Umeme, jokofu na lami viliifungulia Karatu ladha ambayo hapo awali haikuwezekana: nyepesi, safi, yenye gesi, chungu kidogo kwa maua ya hopi yanayoagizwa kutoka Ulaya na Marekani. Mizizi na magome ya miti yalifanya kazi hiyo hiyo ya uchungu kwa pombe za kienyeji. Mbege ya Wachaga hupata uchungu wake kutoka gome la msesewe.

Bia ya chupa ilileta pia ruhusa mpya. Chupa haina rika wala ukoo. Kijana anayefanya kazi ya upagazi au ya kupika katika kambi za watalii anaweza kuinunua kwa fedha zake bila kumwomba mzee yeyote. Mwanamke anaweza kuketi mezani na kuagiza. Makampuni yaliisoma alama hiyo mapema. Redd's, yenye harufu ya tufaha ingawa ni kinywaji cha kimea, ilitangazwa kwa wanawake wa mijini, na vinywaji vya tufaha halisi kutoka Afrika Kusini, Hunter's na Savanna, vilifuata katika baa zenye meza za nje. Watu huviita saida. Bia nyepesi zenye kalori chache, kama Castle Lite na Serengeti Lite, zilichukua vijana katika miaka ya 2010. Ukiziweka pamoja utaona kwamba ladha ya mjini ilikuwa inakimbia uchungu na uzito, ikielekea kwenye utamu na wepesi.

Kwa wasiokuwa na fedha za chupa ilikuja njia ya mkato. Viroba, vileo vikali katika vifuko vya plastiki vilivyotosha kufichwa kiganjani, vilienea hadi kwa waendesha bodaboda na wanafunzi. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Marufuku hiyo ilionyesha jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha wakati ule: kwamba kileo kilichoharibu vijana wengi zaidi vijijini hakikutoka katika kibuyu cha mzee, bali katika kiwanda chenye leseni.

Pombe ya kienyeji nayo ina hatari zake, na si haki kuzificha. Kubwa ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mahindi yaliyooza na kukataliwa kwa ugali mara nyingi huishia katika pombe, kwa kuwa uchachu huficha harufu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, na kuchachusha hakutoshi kuiondoa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu zaidi ya kumi katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Manyara ni jirani wa mlango kwa mlango na Karatu. Ugonjwa ule ulitokana na chakula, lakini nafaka ni hiyo hiyo na maghala ni hayo hayo.

Makanisa yamekuwa na kauli yao pia. Wakatoliki na Walutheri wa eneo hili kwa jumla wamehimiza kiasi, na madhehebu ya Kipentekoste yamekataza kabisa, hata harusi nyingi za Karatu sasa huandaliwa kwa soda. Togwa, ambayo ni pombe ya nafaka iliyokatizwa njiani kabla kilevi hakijapatikana, imewafaa waliotaka ladha ya nyumbani bila ya dhambi.

Wakati haya yakitokea Karatu, ladha katika nchi tajiri ilikuwa inazunguka kinyume. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa na viwanda vya bia vilivyopungua mia moja, vingi vikitengeneza laga zisizotofautiana. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyoondoa kodi ya serikali kuu kwa bia iliyopikwa nyumbani kwa matumizi ya familia, na wapishi wa jikoni wakageuka wenye viwanda. Miaka 40 baadaye idadi ilikuwa imepita 7,000. Walichokitafuta ni uchungu zaidi, uzito zaidi, na katika miaka ya karibuni uchachu: bia zilizoachiwa bakteria makusudi, zenye nafaka zisizochujwa, zenye asali. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, na bia kadhaa za huko husifiwa kwa uchachu ule ule ambao ofisa wa afya wa wilaya angeuita dalili ya pombe kuharibika.

Wimbi hilo limefika Afrika Mashariki kupitia Nairobi, ambako viwanda vidogo vya bia vilianza mwishoni mwa miaka ya 2000, na saida za Kikenya zilizotengenezwa kwa matunda ya nchini na asali zikafuata katika miaka ya 2010. Kenya ilikuwa imetengeneza njia kwa sheria: mwaka 2010 ilifuta katazo la chang'aa na kuruhusu pombe za asili zitengenezwe kwa leseni na kuuzwa katika chupa. Uganda ilipita mlango mwingine. Nile Breweries ilianza mwaka 2002 kutengeneza bia ya Eagle kwa mtama wa wakulima wa nchini, ikapata nafuu ya kodi na kuiuza kwa bei ya chini ya laga za shayiri. Tanzania nayo ilikuja kutoza ushuru mdogo kwa bia ya nafaka za nchini zisizochipushwa. Nafuu hiyo imewafaa wenye viwanda vikubwa, kwa kuwa mpishi wa pipa moja hayumo katika hesabu za ushuru huo.

Mfano wa karibu zaidi kwa Karatu uko Arusha. Banana Investments, kampuni iliyoanzishwa na familia ya Olomi mwaka 1993, ilichukua wazo la pombe ya ndizi ya Kaskazini, ikalipeleka kiwandani na kulifunga katika chupa kwa majina kama Raha na Meru. Bidhaa zake ni angavu, zinadumu, na zinauzwa mikoani kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Ni ushahidi kwamba pombe ya asili inaweza kuvuka kutoka mtungini hadi rafuni. Anayeijua mbege, hata hivyo, atasema kwamba Raha si mbege. Imepoteza ulezi, imepoteza uzito, imepoteza siku zake tatu.

Ugumu wa wapishi wa Karatu upo hapo hapo. Hoteli za kitalii na programu za utalii wa kitamaduni, kuanzia Mto wa Mbu hadi Karatu, zimeshazoea kuwapeleka wageni wakaonje pombe ya kienyeji. Mgeni hunywa funda mbili kutoka katika kata, hupiga picha, na jioni huagiza Kilimanjaro baridi hotelini. Funda zile mbili hulipwa kama onyesho, hazilipwi kama kinywaji. Ili pombe ya ulezi au ya asali iingie katika orodha ya vinywaji ya hoteli yenyewe, inahitaji alama ya Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa vyakula baada ya jukumu hilo kuondolewa TFDA. Inahitaji leseni chini ya sheria za vileo ambazo mzizi wake ni wa mwaka 1968, zilizoitazama pombe ya kienyeji kama kitu cha klabu na saa za kufungua na kufunga, si kama bidhaa ya kusafiri. Inahitaji pia kipimo cha kilevi kisichobadilika kutoka wiki hadi wiki, jambo gumu kwa pombe ambayo leo na kesho yake ni vinywaji viwili.

Ugumu ni mkubwa zaidi kwa upande wa asali. Tangu mwaka 2022 maelfu ya wakazi wa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro wamehamia Msomera, wilayani Handeni mkoani Tanga, katika mpango wa serikali uliozua mabishano makali ndani na nje ya nchi. Vyovyote mtu atakavyouhukumu mpango huo, mzizi wa mshubiri na ndege kiongozi-asali havikupanda lori. Wazee wanaojua kibuyu kipi kimebeba chachu njema sasa wamegawanyika kati ya nyanda za juu zenye baridi na tambarare yenye joto, ambako asali, maji na muda wa kuchachusha vyote ni tofauti.

Kwa upande wa ufundi, njia ya kuifanya pombe idumu inajulikana. Ni kuipasha moto ili chachu na bakteria vife, kisha kuifunga. Pombe ya namna hiyo hukaa rafuni kwa miezi, ila huacha kubadilika, na pombe ya ulezi isiyobadilika hupoteza sehemu kubwa ya ladha yake. Watengenezaji wa Kibuku, pombe ya nafaka ya kiwandani ambayo asili yake ni Zambia, waliichagua njia ya pili: huiuza ikiwa hai katika pakiti inayoachia gesi itoke, na mnywaji huitikisa kabla ya kuifungua. Pakiti hiyo ina siku chache tu, hivyo hunywewa karibu na kiwanda. Kutoka Karatu hadi hoteli za ukingoni mwa kreta hakuzidi saa moja na nusu kwa gari.